Pete za mbao, viegemeo vya Katwe na gurudumu la tumbo: kipi kinastahili pesa yako

Mtu anayeshikilia planki (kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) dakika 3 bila kutetemeka hapati nguvu mpya akiifikisha dakika 4. Anajifunza kuvumilia uchovu tu. Tumbo ni msuli kama msuli mwingine: linapata nguvu likipewa mzigo unaolishinda ndani ya sekunde 10 hadi 15, au ndani ya marudio 5 hadi 10, halafu mzigo huo ukapandishwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Asiyetumia vyuma vya jimu hana kilo za kuongeza, kwa hiyo lazima abadilishe pembe ya mwili, urefu wa wenzo (umbali wa mzigo kutoka kwenye kiungo kinachoubeba) na mahali pa kushika. Kazi ya kifaa ni kumsaidia kufanya hivyo kwa hatua ndogo. Kifaa kinachokurusha kutoka rahisi moja kwa moja hadi haiwezekani kitakaa chini ya kitanda kabla mwezi haujaisha.

Kwa kigezo hicho tumepima vitu vitatu ambavyo mtu wa Kampala anaweza kuvipata bila kuagiza kontena: pete za mbao za jimnastiki zinazotundikwa kwa mikanda, viegemeo viwili vya bomba vinavyochomelewa na fundi, na gurudumu la tumbo, lenye mpini kila upande, unaloliviringisha mbele sakafuni kwa mikono. Tunaandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupita hatua ya mwanzo, anayeweza kulala chali katika umbo la mtumbwi (mabega na miguu juu, kiuno kimegandamana na sakafu) kwa sekunde 60, kupiga pulapu 8 safi (kujivuta juu ukining'inia kwenye chuma), na kuning'inia akiinua magoti hadi kifuani mara 12 bila kubembea. Ambaye hajafika hapo anahitaji sakafu na mkeka tu, na pesa yake ibaki mfukoni.

Nafasi ya kwanza tunazipa pete, na zimewaacha wenzake mbali.

Pete za mashindano zina unene wa milimita 28 na kipenyo cha ndani cha sentimita 18. Madukani utakutana pia na za milimita 32. Mwenye kiganja kidogo achukue za 28. Vidole vyake vitazunguka na kufunga vizuri, na mkono hautachoka kabla ya tumbo. Za plastiki zipo na hazijali mvua, lakini jasho likishaanza kutiririka zinateleza kama samaki. Mbao hunywa jasho.

Kabla ya kulipa, toka na pete juani. Pete nzuri hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizokunjwa na kugundishwa pamoja. Izungushe polepole huku ukipitisha ukucha juu ya kila mstari wa gundi. Ukucha ukinasa mahali, irudishe, maana hapo ndipo unyevu utakapoingia na tabaka litakapoanza kufumuka. Ikiwa zimepakwa vanishi inayong'aa, zipigwe msasa laini wa namba 220 mpaka mng'ao uondoke sehemu ya kushikia. Vanishi ni ya kupendeza dukani, mkononi inateleza.

Sasa mikanda, na hapa ndipo ajali zinapotoka. Tafuta mkanda wenye upana wa milimita 38 na urefu usiopungua mita 4. Bizimu yake ina ulimi wenye meno unaouma mkanda kila mzigo unapoongezeka. Mkanda unatakiwa uingie kwa nyuma ya bizimu na utokee mbele, chini ya meno. Ukiuingiza kinyume, utashika vizuri ukiuvuta kwa mkono, utashika hata ukiegemea, kisha utaachia siku utakapouning'inia kwa mwili mzima. Kwa hiyo, baada ya kufunga, chora mstari wa kalamu kwenye mkanda pale unapoingia kwenye bizimu. Ning'inia miguu ikiwa bado inagusa chini, ukiweka kama nusu ya uzito wako, hesabu hadi 10, kisha angalia mstari. Ukiwa umesogea hata milimita 5, ama umeupitisha vibaya, ama meno yameliwa. Wenye meno yaliyoliwa hautengenezwi, hununuliwa mwingine. Bizimu ikae juu karibu na boriti, si karibu na kiganja, na ncha inayobaki ifungwe fundo.

Mikanda mingine ina namba zilizoshonwa kila baada ya sentimita kadhaa. Kama yako haina, mpe fundi cherehani ashone uzi mwekundu kila sentimita 10 kwenye mikanda yote miwili. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayozifanya pete kuwa mizani. Bila alama, pete moja itakuwa juu ya mwenzake, kiuno kitajipinda upande, na hutajua kama leo umefanya kazi ngumu kuliko juzi.

Pa kuzitundika ni swali gumu kuliko pa kuzinunua. Boriti za paa la mabati zimepigwa misumari kubeba mabati na dari, hazikukusudiwa kubeba mtu anayebembea. Mtu wa kilo 70 akiyumba au akidondokea mikono ghafla anaweza kuvuta boriti kwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Tawi la mwembe au la fenesi lenye unene wa paja, bichi, lisilo na tundu la mchwa, ni bora kuliko paa; likague kila mwezi, na weka kipande cha gunia kati ya mkanda na gome. Mtambaa panya, yaani mlingoti wa juu, wa goli la chuma lililozikwa kwa zege unafaa sana, kwa sababu kwenye goli la kipimo kamili uko mita 2.44 kutoka chini, kimo kizuri kwa zoezi karibu lolote. Goli la kubebwa usiliguse kabisa, linaanguka kifudifudi na mzigo wake wote. Na yale ya miti ya kalitusi viwanjani mwa shule za msingi yameshikwa kwa msumari mmoja kila upande. Yaache yafungwe magoli.

Zoezi la kwanza la kuzihalalisha pete ni mnyoosho wa mbele. Simama, shika pete zikiwa usawa wa nyonga, kama sentimita 90, egemea mbele mikono ikiwa imenyooka, halafu ziache ziende mbele mpaka mikono iwe sambamba na masikio, kisha zirudishe. Weka alama ya miguu sakafuni na usiihamishe. Kinachobadilika kiwe kimo cha pete peke yake. Ukimaliza seti 3 za marudio 8 bila kiuno kubonyea, teremsha sentimita 10. Katika sentimita 30, ukiwa umesimama kwa vidole vya miguu, mwili uko karibu kulala hewani, na ni wachache wanaofika. Kati ya 90 na 30 kuna ngazi 7. Hakuna kifaa kingine hapa kinachotoa ngazi 7 zilizo sawa.

Kosa linalovunja watu ni kufungua mbavu. Mikono inapokwenda mbele, mbavu zinainuka, fupanyonga linainama, na mzigo unahama kutoka tumboni kwenda kwenye pingili za kiuno. Mtu anahisi amefika mbali zaidi, kumbe ameacha kutumia tumbo nusu njia. Toa pumzi yote kabla ya kuanza, bana makalio, vuta mbavu chini, kisha nenda. Weka simu kando, usawa wa nyonga, ujirekodi: pale mgongo unapobadilisha umbo ndipo mwisho wako wa leo, hata kama ni nusu ya njia.

La pili ni kuinua miguu ukining'inia kwenye pete, na hapa wengi hujidanganya. Kuipandisha miguu kutoka chini hadi usawa wa nyonga ni kazi ya misuli inayokunja nyonga, na mmojawapo umeshikamana na pingili za kiuno zenyewe. Katika nusu hiyo tumbo linazuia tu mgongo usipinde. Kazi yake ya kukunja huanza fupanyonga linapojiviringisha kuelekea mbavu, yaani kuanzia hapo kwenda juu, mpaka vidole vya miguu viguse pete. Anayeishia usawa wa nyonga amelipa bei nzima na kuchukua nusu ya bidhaa. Kama huwezi kufika juu miguu ikiwa imenyooka, kunja magoti uyapeleke mpaka kwenye viwiko; fupanyonga litaviringika vilevile. Shusha kwa sekunde 3. Mabega yavutwe chini, mbali na masikio, kabla mguu haujaondoka. Ndiyo dawa ya kubembea. Marudio 5 ya namna hiyo yanatosha kukueleza ukweli kuhusu yale 20 uliyokuwa ukijivunia.

La tatu ni fronti leva: kuning'inia mikono ikiwa imenyooka na mwili mzima umelala sambamba na ardhi, uso juu. Tuseme wazi, kinachoamua hapa ni misuli ya mgongo chini ya makwapa kuliko tumbo, na anayenunua pete kwa ajili ya tumbo peke yake asikimbilie huku. Lakini kwa kufundisha tumbo na mgongo kushikana, hatujui zoezi la uzito wa mwili linalolizidi. Anza magoti yakiwa kifuani na mgongo umeviringika. Kisha magoti yasogee mbele ya nyonga na mgongo uwe bapa. Kisha nyoosha mguu mmoja. Kisha yote miwili ikiwa imetanuliwa. Mwisho ibane pamoja. Kaa kwenye hatua mpaka uishikilie sekunde 10 hadi 12 mara 4 ndipo uhamie inayofuata. Majaji wa jimnastiki hudai sekunde 2 tu za kutulia, lakini za kutulia kweli. Viwiko vikikunjika, rudi hatua moja nyuma. Ubora wa pete juu ya chuma cha pulapu ni kwamba zinajizungusha zenyewe, kifundo cha mkono na kiwiko vinachagua pembe yao, na maumivu ya ndani ya kiwiko hupungua.

Viegemeo ni mipini miwili mifupi yenye miguu, ya kushikia ukiwa umekaa hewani. Usivinunue vya plastiki. Katwe, na Kisenyi vilevile, mitaa ya Kampala, mafundi wa kuchomelea huvitengeneza wakiwa na vipimo sahihi mkononi, na vinadumu kuliko wewe.

Tatizo ni vipimo. Ukimwambia fundi "bomba la inchi moja" bila maelezo, unaweza kupata vitu viwili tofauti. Bomba la maji la inchi moja lina unene wa nje wa milimita 33.7, kwa sababu inchi hiyo inahusu tundu la ndani, nalo si kamili. Bomba la kutengenezea viti la inchi moja lina milimita 25.4 kwa nje, na ukuta wake mara nyingi ni mwembamba. Kwa kukaa hewani unataka lile la 33.7, maana kiganja kinabonyezwa, hakining'inii, na bomba jembamba linauma mifupa ya kiganja. Nenda na futi ya chuma au kipande cha waya ulichokizungusha kwenye bomba zuri. Ukuta uwe milimita 2.5 au 3.

Jozi moja inahitaji vipande 10: mipini 2 ya sentimita 40, miguu ya wima 4 ya sentimita 24, na nyayo 4 za sentimita 30. Jumla sentimita 296. Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo bomba moja linatoa jozi mbili pamoja na kile kinacholiwa na diski ya grenda. Tafuta mwenzako mgawane. Ulizia bei ya bomba kwanza kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Nabugabo, Kampala, kisha ulizia bei ya kazi ya mkono peke yake. Ukichanganya vyote kwenye sentensi moja hutajua umelipia nini.

Bomba liwe jeusi, si la kung'aa lenye zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kubana kifua, na kiungo chenyewe hujaa vitundu kama zinki haikusuguliwa kwanza. Kabla hujaondoka na mzigo wako, fanya mambo mawili. Viweke juu ya vigae au kioo na ubonyeze kila pembe: kikicheza, wayo mmoja umechomelewa ukiwa umepinda, na fundi auvunje arudie, asikuambie kitazoea. Halafu pitisha kiganja chini ya mpini pale unapokutana na mguu. Matone ya chuma yaliyogandia huko hayaonekani, lakini yatakukata siku ya kwanza. Yasagwe kwa grenda. Paka rangi ya oksidi nyekundu kwenye miguu na nyayo, mpini uache mtupu au uzungushie utepe wa kitambaa. Chini ya nyayo funga vipande vya tairi kuukuu, mpira uleule wa lugabire, ndala za tairi. Kwenye sakafu iliyopakwa nta bila mpira huo viegemeo vinakimbia.

Juu yake unafanya kikao cha herufi L: mikono imenyooka, mabega yamesukumwa chini, miguu mbele usawa wa nyonga. Ngazi ni kisigino kimoja chini, magoti kifuani, mguu mmoja mbele, yote miwili, kisha kuipandisha juu ya nyonga. Gawanya sekunde 60 kwa seti za sekunde 10. Wengi hulalamika kwamba paja linakaza na kuuma kwa mbele. Hiyo ni kawaida, msuli wa paja unafanya kazi ukiwa umefupishwa kabisa, na hupungua baada ya wiki chache. Magoti yakikataa kunyooka, kikwazo ni misuli ya nyuma ya paja, si tumbo, na dawa ni kuinyoosha ukiwa umekaa chini kila siku. Viegemeo tunavipenda, ila ngazi zake ni chache, na kutoka magoti kifuani hadi mguu mmoja mbele ni mruko. Ugeuze uwe hatua kwa kunyoosha goti nusu tu.

Gurudumu la tumbo ndilo rahisi kupatikana na ndilo tunalolipa nafasi ya mwisho. Si zoezi baya, zoezi lenyewe ni zuri. Ubaya uko kwenye ngazi: mbili tu, kupiga magoti na kusimama, na kati yake kuna korongo. Daraja lipo. Simama ukitazama ukuta, viringisha gurudumu mpaka ligonge ukuta likusimamishe, rudi. Ukiweza marudio 6, sogeza miguu nyuma sentimita 10. Chora alama kwa chaki. Anayeanza akiwa amesimama, bila ukuta, huangukia kidevu.

Katika ununuzi, kataa lenye springi ndani inayolirudisha lenyewe. Springi inakusaidia mahali ambapo tumbo ndilo lingefanya kazi. Kataa pia gurudumu moja jembamba kama huna uhakika wa mabega. Ya magurudumu mawili hayaanguki kando. Chomoa mhimili uutazame: uwe chuma kizima kutoka mpini hadi mpini. Mingine ni vijiti viwili vya bomba jembamba vinavyokutana katikati ndani ya plastiki, na hapo ndipo panapovunjika, mtu akiwa amenyooka. Sponji za mipini zikizunguka zenyewe, zivue, paka gundi ya mpira, zirudishe. Kigodoro cha magoti kinachokuja nalo ni chembamba, kunja blanketi. Na fahamu kwamba gurudumu linataka saruji laini. Kwenye uwanja wa udongo halisogei, kwenye vigae vyenye vumbi linateleza kando.

Chuma cha pulapu cha kubana mlangoni, ambacho watu wengi hutuuliza, tunakikataa kwa nyumba nyingi za hapa. Kile cha kuning'inizwa kinategemea ukingo wa mbao unaotokeza juu ya mlango, na fremu zetu nyingi ni za chuma au za mbao zilizolingana na plasta. Hakina pa kushika. Kile cha kuzungusha kikajikaza kati ya pande mbili hubomoa plasta, na kwenye fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya mafuta kinateleza taratibu bila kutoa sauti.

Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, zikiachana angalau saa 48: siku moja mnyoosho wa mbele na kikao cha L, siku nyingine kuinua miguu na fronti leva, seti 3 au 4 kwa kila moja. Mwenye ngiri, aliyejifungua karibuni, au mwenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni aonane na daktari kwanza. Na anayenunua ili mistari ya tumbo ionekane ajue kwamba hakuna kifaa kinachoyeyusha mafuta ya mahali pamoja. Hiyo ni hesabu ya sahani, ya posho (ugali) na rolex za usiku, zile chapati zilizokunjwa na mayai.

Pete usiziache nje. Jua linaila mikanda polepole: rangi ikipauka na mkanda ukawa mkavu, unaokwaruza vidole, umekwisha hata kama haujakatika. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba kuendelea, huzivimbisha mbao mpaka mistari ya gundi ifunguke. Zishushe kila baada ya mazoezi, zifute kwa kitambaa kikavu, zitundike ndani penye hewa. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na jasho, kwa maana ukungu mweusi utaanzia palepale unaposhika.